Historia ya Ugonjwa Usioisha: Jinsi Matibabu Yalivyotoka Hospitalini Yakaja Nyumbani



Kamati ya Jamii imetuomba sisi walimu tujaze ukurasa wa historia katika toleo hili la kumbukumbu. Desturi yetu katika ukurasa huu ni kuandika habari za safari: ziwa, mashua, mapokezi ya Kigoma, mahema ya kwanza ya Nyarugusu mwezi Novemba 1996. Hayo yamekwisha andikwa na wengine wataendelea kuyaandika. Safari hii tumeona tuandike historia iliyomo ndani ya nyumba nyingi za kambi, ila haisimuliwi. Ni historia ya magonjwa yasiyoisha upesi, au yasiyoisha kabisa: kisukari, shinikizo la damu, pumu, kifafa, na pia kifua kikuu ambacho dawa zake humezwa miezi mingi.

Tunayo sababu. Baba aliyeingia hapa mwaka 1996 akiwa na miaka 35, mwenye nguvu za kupasua kuni na kufyatua tofali, leo amepita miaka 60. Kambi imezeeka, na sisi tuliokuja tukibebwa mgongoni ndio tunaosindikiza wazazi wetu zahanati.

Matibabu ya kambi hayakuanzishwa kwa ajili ya wazee hao. Yalizaliwa katika dharura. Wengi wetu kutoka Kivu tunakumbuka, au tumesimuliwa, habari za Goma mwezi Julai 1994, ambapo wakimbizi wa Rwanda wapatao 50,000 walikufa katika muda wa mwezi mmoja hivi, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Mashirika yalijifunza kutokana na balaa kama hizo kuleta kwanza maji, vyoo, chanjo ya surua, chumvi ya kuongeza maji mwilini na dawa ya malaria. Elimu hiyo imeokoa watu wengi, wakiwemo sisi tunaoandika. Lakini ni elimu ya ugonjwa unaokuja mbio na kuondoka mbio. Mtoto wa malaria hupewa dawa ya siku tatu, akapona, akarudi darasani. Mama mwenye presha hana siku ya tatu.

Kwa kuwa sisi ni walimu, mturuhusu tupige hesabu moja. Mwaka una saa 8,760. Mgonjwa wa kisukari akionana na tabibu mara moja kila mwezi kwa dakika 15, na hiyo ni bahati, kwa mwaka mzima amekaa naye saa 3. Saa 8,757 zilizobaki ni za kwake mwenyewe, na za mke wake, watoto wake na jirani yake. Yeye ndiye anayeamua kama kidonge kitamezwa, kama chumvi itapunguzwa, kama kidonda cha mguu kitaoshwa. Madaktari wa dunia walichukua muda mrefu kuikubali hesabu hiyo, na hiyo ndiyo historia tunayotaka kuisimulia.

Tuanze na kisukari. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa na kisukari kile cha watoto hakuwa na tumaini. Alikonda, akanywa maji bila kukata kiu, akafa. Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto, Kanada, kijana aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya kwanza ya insulini. Dawa ile ya kwanza ilikuwa chafu, haikumsaidia. Mtaalamu mmoja wa kikundi cha Banting na Best, jina lake Collip, aliisafisha zaidi, na tarehe 23 Januari kijana akachomwa tena. Safari hii sukari ilishuka. Leonard aliishi hadi mwaka 1935, miaka 13 ambayo hakuna aliyeitazamia.

Hapo likazuka jambo jipya. Insulini haikumponya Leonard wala mwingine yeyote. Ilimpa uhai wa siku moja, na kesho yake sindano nyingine. Ni nani atakayeichoma kila siku? Daktari Elliott Joslin wa mji wa Boston, Marekani, alikuwa amekwisha kuona mbali. Tangu mwaka 1918, kabla ya insulini, alikuwa ametoa kitabu alichowaandikia wagonjwa pamoja na madaktari. Insulini ilipopatikana, wauguzi wake waliwafundisha wagonjwa kupima mkojo, kupima chakula kwa mizani na kujichoma sindano wenyewe. Joslin alishikilia kwamba kumfundisha mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Tunampenda mzee huyo kwa sababu iliyo wazi: aligeuza zahanati kuwa darasa.

Sasa tuje kwenye kifua kikuu, na hapa tutakaa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia hii ilitendeka katika nchi hii iliyotupokea.

Zamani dawa ya kifua kikuu ilikuwa kitanda. Mgonjwa aliondolewa kwao akapelekwa hospitali ya mbali yenye hewa nzuri, akalala huko miezi au miaka. Hapa Tanzania hospitali ya Kibong'oto, upande wa Kilimanjaro, ilianza kazi hiyo mwaka 1926. Dawa zenyewe zilipopatikana baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wengi bado waliona kwamba mgonjwa lazima alazwe. Mwaka 1956, katika mji wa Madras nchini India, watafiti walianza kuwagawa wagonjwa wa mitaa ya kimaskini katika mafungu mawili. Fungu moja lililazwa hospitalini na kulishwa vizuri. La pili lilibaki nyumbani, katika vyumba vilivyosongamana na vyenye chakula kidogo, likipewa dawa zile zile kwa mwaka mmoja. Matokeo yalianza kutangazwa mwaka 1959: waliobaki nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa, na ndugu waliolala nao chumba kimoja hawakuambukizwa zaidi kuliko ndugu wa waliolazwa. Hivyo dawa ndiyo iliyokuwa ikiponya, na kitanda cha hospitali hakikuwa sharti.

Ndugu msomaji aliyewahi kuambiwa kwamba kwa kuwa sisi ni maskini hatuwezi kutibiwa ugonjwa mgumu, na aikumbuke Madras.

Ila India na nchi nyingine ziligundua shida iliyofuata. Mgonjwa wa kifua kikuu akimeza dawa mwezi mmoja au miwili hupata nafuu, kikohozi hupungua, mwili hurudi. Ndipo huacha. Wadudu waliobaki hufufuka, na mara nyingine hurudi wakiwa wameizoea dawa. Katika nchi nyingi hakuna aliyejua ni wangapi waliacha, kwa sababu hakuna aliyewahesabu. Waliandika idadi ya walioanza, basi.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ukisaidiwa na chama cha kimataifa cha kupiga vita kifua kikuu. Mshauri wake alikuwa daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Huyu alikuwa amefungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili, na alipata kifua kikuu mwenyewe. Hatusemi kambi ile ilikuwa kama hii yetu. Ile ilikuwa kambi ya mauaji na hii ni ya hifadhi. Lakini aliyejua ugonjwa ule kwa kuuguwa hakuhitaji kuelezwa maana ya kukohoa usiku katikati ya watu.

Styblo na Watanzania waliofanya naye kazi hawakuleta mashine ya ajabu. Walileta hadubini ya kupimia makohozi katika wilaya, mratibu wa wilaya mwenye chombo cha usafiri, kadi ya matibabu, na daftari. Tunaomba aid staff, yaani ndugu zetu wa mashirika, watuvumilie tukilisifu daftari, maana ndilo lililoleta mageuzi. Kila mgonjwa aliandikwa kwa jina na namba. Walioandikwa katika miezi mitatu, tuseme Januari hadi Machi, walihesabiwa kama darasa moja. Baada ya muda wa matibabu darasa lile liliitwa tena: wangapi wamepona na makohozi yao ni safi, wangapi wamemaliza dawa bila kupimwa, wangapi dawa imewashinda, wangapi wamekufa, wangapi wamehama, wangapi wameacha. Jumla ya mafungu hayo lazima ilingane na idadi ya mwanzo. Hakuna mtu wa kupotea katikati ya karatasi. Mwalimu yeyote anayeita majina asubuhi anaielewa kazi hiyo.

Mwanzoni matibabu yalikuwa ya mwaka mzima na wengi waliendelea kuacha. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 ukaletwa mseto wa miezi 8 wenye dawa ya rifampisini, ambayo ilikuwa ghali sana wakati ule. Kwa sababu ya ughali huo na hofu ya wadudu kuizoea, mgonjwa alimeza dawa za miezi miwili ya kwanza mbele ya mhudumu, mara nyingi akiwa amelazwa. Baadaye akaenda nyumbani na vidonge vya mwezi. Waliopona walifikia karibu 8 kati ya kila 10, katika nchi maskini yenye barabara mbovu. Malawi, Msumbiji, Benin na Nikaragua zikafuata njia hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, na miaka michache baadaye likaieneza njia ya Tanzania ulimwenguni kote. Styblo alifariki mwaka 1998.

Hata hivyo tuna neno moja na njia ile. Wale walioacha dawa waliitwa watoro. Neno hilo hatulipendi. Sisi tunajua watu huitwa watoro na wasiojua kilichowakimbiza. Mama anayeacha dawa kwa sababu zamu ya kuchota maji imegongana na saa ya zahanati hakutoroka. Tena kumwangalia mtu akimeza kidonge kunaweza kuwa msaada na kunaweza kuwa ulinzi wa gereza; inategemea anayeangalia ni nani na uso wake ukoje. Tanzania yenyewe ililiona jambo hilo, na katika miaka ya 2000 ikampa mgonjwa hiari ya kumchagua mtu wa nyumbani au jirani wa kumsimamia badala ya kwenda zahanati kila asubuhi. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, zilipoanza kutolewa na serikali nchini mwaka 2004, nazo zilipita katika njia ya kadi, daftari na msaidizi wa nyumbani.

Kuhusu shinikizo la damu tunawapeleka mbali kidogo, katika kijiji cha Glyncorrwg, Wales, nchini Uingereza. Kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe chenye watu wapatao 2,000, na mgodi wake ulifungwa mwaka 1970, watu wakabaki bila kazi. Daktari Julian Tudor Hart alihamia huko mwaka 1961. Presha haiumi, kwa hiyo mwenye nayo haendi kwa daktari mpaka siku anapopooza. Basi mwaka 1968 Tudor Hart alianza kumpima kila mtu mzima wa kijiji, wa miaka 20 hadi 64, mgonjwa na asiye mgonjwa. Aliyekuja kwa jino alipimwa presha. Asiyekuja alifuatwa. Waliokataa walikuwa wachache mno. Waliokutwa na presha waliandikwa, wakarudiwa mwaka baada ya mwaka na daktari yule yule na wauguzi wale wale, ambao walijua nani ni mnywaji na nani anagombana na mkwe wake.

Mwaka 1971 aliandika makala ambayo madaktari wanaijua hadi leo. Alisema kwamba matibabu mazuri huwa haba pale pale yanapohitajika zaidi, na hali huwa mbaya zaidi yanapoachiwa nguvu za soko. Mwaka 1991, baada ya miaka 25 ya kazi, yeye na wenzake walitoa hesabu ya kijiji: vifo vya mapema vilikuwa pungufu kuliko katika kijiji jirani chenye umaskini ule ule. Alifariki mwaka 2018. Siri yake, kwa maoni yetu, haikuwa dawa, kwa kuwa dawa zile zilikuwa zikiuzwa pia katika kijiji jirani. Siri ilikuwa kukaa. Katika kambi wahudumu hubadilishwa mikataba inapokwisha, na mgonjwa huanza kujieleza upya kwa mtu mpya. Hatumlaumu yeyote kwa hilo, tunalitaja tu ili wenye kupanga mikataba walifikirie.

Wala isidhaniwe kwamba sisi Wakongomani tulikuwa tumelala. Mwaka 1971 huko Kasongo, Maniema, ulianzishwa mpango wa afya ulioshirikiana na chuo cha magonjwa ya kitropiki cha Antwerp, Ubelgiji. Katika mpango ule muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyekuwa mlango wa kwanza, akihudumia watu wa eneo lake na kuzungumza na kamati zao, na hospitali ilibaki kwa yale yanayomshinda. Fikra za Kasongo, pamoja na za Kisantu na Bwamanda, zilikuwemo Zaire ilipojigawa katika zoni za afya 306 katika miaka ya 1980. Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 ulikuwa umekwisha kuitangaza afya ya msingi kwa mataifa yote. Kilichofuata mnakijua: mishahara ikakoma, kisha vita vya 1996 na 1998, na sisi tuko hapa.

Kisukari chenyewe hakikuwa kingi katika nchi zetu wakati huo. Uchunguzi wa vijiji vya Tanzania uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafikii 1 kati ya watu wazima 100. Lakini daktari McLarty na wenzake wa Dar es Salaam, waliowafuatilia wagonjwa wapya 1,250 kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, walionyesha kwamba huku kwetu mwenye kisukari alikufa mapema kwa sababu zinazozuilika: insulini kukosekana, kuchelewa kujulikana, maambukizo. Tangu hapo ugonjwa umeongezeka mijini na vijijini. Mashirika ya dharura yaliuona polepole. Ilikuwa mwaka 2017 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotoa sanduku maalumu la dawa na vipimo vya magonjwa sugu kwa ajili ya dharura, sanduku moja likitosha watu 10,000 kwa miezi mitatu. Kipindupindu kilikuwa na sanduku lake miaka mingi kabla.

Tumesimulia haya kwa sababu yako mambo matatu yanayotusumbua katika mitaa yetu, na kila moja lina mzizi katika historia hii.

La kwanza ni posho. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, wagonjwa wa sukari waliingia katika hatari ambayo jirani zao hawakuiona. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari kisha asile, sukari hushuka mno: hutetemeka, hutoka jasho, husema ovyo kama mlevi, na anaweza kuzimia na kufa. Apewe mara moja maji ya sukari au chai yenye sukari nyingi, akiwa bado anaweza kumeza. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe zahanati. Na asijipunguzie dawa kimya kimya. Aende amweleze tabibu kwa uwazi kwamba nyumbani kuna mlo mmoja, ili kipimo kipangwe upya. Ndugu wa mashirika nao, wanapopanga mgao, wakumbuke kwamba Joslin alianza na mizani ya chakula.

La pili ni kadi. Kadi zetu huandikwa kwa Kiingereza, na wazee wetu waliosoma walisoma Kifaransa. Herufi BD zenye maana ya mara mbili kwa siku hazimwambii kitu mzee wa Fizi. Matokeo yake mgonjwa hujua dawa yake kwa rangi: kile cheupe cha duara, kile cha njano. Dawa ikija kutoka kiwanda kingine na rangi ikabadilika, hukikataa kidonge au hukimeza mara mbili. Walimu wa darasa la sita tumeanza kuwazoeza wanafunzi kusoma kadi: jina la dawa, kipimo, mara ngapi, tarehe ya kurudi. Mtoto akirudi nyumbani humsomea bibi. Haimo katika mtaala wa Kongo wala wa Tanzania, lakini ni kusoma na ni hesabu.

La tatu ni kuhama. Wapo wanaorejea Burundi, wapo waliopelekwa Marekani na kwingine, wapo wanaohamishwa kijiji ndani ya kambi hii hii. Katika daftari la Styblo, aliyehama alikuwa na safu yake, na mratibu alipaswa kumpeleka na karatasi mpaka apokelewe. Tunawaomba wenye majina yaliyotoka, kabla ya siku ya basi, wapite zahanati waombe barua yenye jina la ugonjwa, majina ya dawa na kipimo, pamoja na dawa za kutosha safari. Barua iwekwe mkobani, isifungwe ndani ya mzigo unaopakiwa juu.

Kwa toleo lijalo tunawatafuta akina mama na akina baba waliokuwa wauguzi katika vituo vya zoni za afya za Uvira, Fizi, Kalemie na Kasongo katika miaka ya 1980, waje shuleni mchana baada ya vipindi. Tungependa kujua madaftari yao yalikuwa na safu ngapi, nani aliyeyatunza, na kama yupo aliyevuka ziwa akiwa na moja.